Koti la Marehemu

Kikohozi kimoja. Kilisikika usiku nyuma ya ukuta mwembamba wa mbao, upande alikolala mjukuu wake, kikavu, kidogo, kama kijiti kinachovunjika, na Mzee Putulik akakaa kitandani mpaka kukakucha akisubiri cha pili. Hakikuja. Lakini miaka kumi na moja nyuma kilianza hivyohivyo, kimoja tu, kifuani mwa mwanawe, na siku ya tatu ndege ya kumpeleka hospitali ya kusini ilikuta kijana ameshatangulia. Tangu hapo jina lake halikutamkwa. Kwao, kaskazini kwenye barafu, jina la marehemu hukaa kimya likingoja mtoto wa kulibeba, awe wa kike au wa kiume, na mjukuu wa Putulik, binti wa wiki sita, alikuwa bado hana jina, kwa kuwa babu mwenye kulitoa hataki. Anaogopa jina lisije pamoja na kilichomuua mwenye jina. Asubuhi Siasi, bintiye, alimtia mtoto ndani ya kofia pana ya koti lake, mgongoni, akaingia zahanati. Putulik akaketi ng'ambo ya njia, mbele ya duka la ushirika, kwenye benchi la mbao za makasha yaletwayo na meli kila kiangazi. Kahawa anayo mkononi. Hanywi.

Wenzake wa benchi walikuwepo: bibi Akinisi, aitwaye Redio kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea, na Jusipi Injini, ambaye hata akioga hunuka petroli.

— Kakohoa mara ngapi? akauliza Redio.

— Moja.

— Moja si ugonjwa, Mzee. Moja ni salamu.

— Hata yule alianza kwa salamu.

Hakuna aliyeuliza yule ni nani.

Maata akatoka zahanati na kisanduku cha barafu. Ndiye mkalimani wa madaktari, na kwa miaka ishirini amechokonoa kwa kijiti cha pamba pua za watoto wote wa kijiji.

— Kifua ni safi, Mzee, akasema kabla hajaulizwa. Tumechukua sampuli kidogo puani. Itaondoka na ndege ya saa sita, wakaangalie kama yule bakteria wa kichomi yumo.

— Si chanjo ilishammaliza? akadakia Injini.

— Chanjo inamjua kwa koti lake, ule utando wa nje. Akibadili koti, wanapishana mlangoni wasijuane.

— Koti analitoa wapi? Kwani kuna duka la ushirika humo puani?

— Analitoa kwa maiti.

Barafu ilisikika ikilia huko ghubani.

— Ndiyo, akasema Maata. Puani mwa mtoto wanaishi bakteria wa koo nyingi. Mmoja akifa anapasuka, yaliyomo yanaelea. Jirani anaokota kipande, anakishona ndani ya mwili wake. Tangu siku hiyo si yule tena, na wanawe wote wanazaliwa na koti lile.

— Nguo ya kuazima haisitiri maungo! akasema Injini, akijiona ameua.

— Hii inasitiri, wee mjinga, akamrudi Maata, mpaka chanjo inapita haimwoni.

— Basi mdudu ni fundi kama mimi! Injini akaonyesha pikipiki yake ya theluji. Boneti ya padri, injini ya marehemu mjomba, mkanda niliuvua kwenye ile iliyozama ziwani. Hii imekufa mara tatu na bado inakimbia.

— Inakimbia? akauliza Redio. Jana si uliisukuma toka mtoni, watoto wakikuzomea?

— Ilikuwa inapumzika.

Redio akasogea mbele, kikombe mkononi.

— Mimi nawaona hao wadudu. Wanacheza ngoma usiku kucha, kama sisi ukumbini Krismasi, makoti wametundika mlangoni. Kukikucha kila mmoja anaondoka na la mwenzake!

— Ongeza, akasema Injini. Hakuna anayekufa akaisha. Mdudu aliyekuja na wawinda nyangumi, enzi za babu wa babu zetu, bado yumo. Kiraka kimoja, lakini yumo!

Wakamgeukia Maata awacheke. Hakucheka.

— Umebahatisha, Jusipi. Huko kusini wakimsoma chembe za urithi wanaona mishono. Walinionyesha picha yake, rangi juu ya rangi, kama shuka la viraka. Kiraka hiki cha ukoo huu, hiki cha ukoo ambao hakuna tena aliye hai wa kuuonyesha.

Putulik aliyatazama mavumbi yaliyokuwa yakielea juani, akafikiri: kitu kidogo kuliko hayo, gizani mwa pua ya mtoto, hakikubali marehemu apotee bure.

— Maata, akasema polepole. Akiokota kwa maiti, anaokota na kifo chake?

Maata akaweka kisanduku chini.

— Haokoti maiti mzima, Mzee. Anaokota kipande, tena ovyo. Kibaya kinampoteza. Hawa tunaowakuta ni wale waliookota cha kuwasaidia kuishi. Kilichomuua mwenzake kimebaki na mwenzake.

— Asiyekuwepo na lake halipo, akaanza Redio kwa mazoea, kisha akajishtukia. Loo. Kumbe lake lipo.

Mlango wa zahanati ukafunguka. Akatoka muuguzi mgeni, aliyeshuka na ndege ya Jumatatu, ameshika kichupa kisicho na maandishi. Nyuma yake Siasi. Muuguzi akauliza jambo kwa lugha yake, akitabasamu. Maata akalifasiri bila kumtazama mtu.

— Anasema kichupa hakiwezi kusafiri bila jina. Mtoto anaitwa nani?

Injini akakagua kucha zake. Redio, ajuaye yote, akaangalia ndani ya kikombe, nacho kilikuwa kitupu.

— Mwulizeni baba, akasema Siasi.

Putulik akasimama. Akavuka njia. Akaikunja pembe ya kofia, na macho mawili meusi yakamtazama bila haraka, kama ya mtu anayekujua tangu zamani.

— Umekawia sana kurudi, mwanangu, akamwambia yule binti wa wiki sita. Tulugak.