Msiupake Rangi Mpini Huu

Noriyasu, weka chini hiyo chupa. Funga kizibo, nawa mikono, uje ukae karibu na dada yako, maana jana nilikusikia ukimwambia kwamba mpini wa upanga wa babu yenu umepauka, na kwamba utaupaka rangi hapo jikoni ili wageni wa msiba wangu wauone uking'aa. Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo ni ya safari moja.

Mali ni maneno machache. Nyumba hii ni ya Noriyasu. Paa la upande wa mlimani linavuja, usijifanye hujui. Kabati la kimono zangu ni la Mitsue, na mkeo, Noriyasu, ana lake, asilitolee macho. Lakini upanga si wa yeyote kati yenu. Ni wa baba yenu mdogo, Shigezo. Naam, huyo huyo mliyekua mkiambiwa hana adabu kwa wazazi wake. Usinikodolee macho, Mitsue, sijaanza kuweweseka.

Babu yenu aliusuka ule utepe wa hariri wa mpini kwa mikono yake, buluu ya nili juu ya ngozi ya samaki taa, akiwa mgonjwa, na miezi mitatu baadaye tukamzika. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, na wanawe wawili waliuthamini utepe ule kuliko chuma chenyewe. Mwaka wangu wa pili wa ndoa Shigezo aliuazima upanga aubebe kwenye maandamano ya sikukuu ya hekalu, na kesho yake akanikabidhi mimi kwa mikono miwili, akasema, "Shemeji, mpe kaka, mwambie nimeutunza kama yai." Baba yenu alikuwa Nagoya kwa siku nne. Nikauweka sebuleni upunge hewa, na papo hapo, kwa ujinga wa mtu wa kutaka kumaliza kazi mbili kwa mara moja, nikaendelea kupaka karatasi za miavuli yale maji makali ya matunda mabichi ya kaki, yanayoikinga karatasi na mvua. Bakuli likapinduka juu ya mpini. Nanyi mnayajua maji ya kaki: yakishika kitambaa hayatoki hata ulie.

Mwingine angelia akamngoja mumewe, lakini mimi ni binti wa mtia rangi, nikajiona fundi. Nilijua maji ya kaki yakikutana na kutu huwa meusi. Nikaloweka misumari mikongwe ndani ya siki na chai nzito, nikagonga kile kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, nikachomoa chuma, nikaupaka mpini kwa brashi mara tano, nikiukausha kila mara, hadi doa lisionekane kwa sababu mpini wote ulikuwa doa. Nisiwafiche, ulipendeza. Utepe sikuufungua, kuufungua ningeweza, kuusuka tena nisingeweza.

Baba yenu aliporudi alifungua sanduku nilimourudisha upanga, akamwita mdogo wake. "Umeutupa utepe wa baba, ukafunga mpya wa kuringia barabarani?"

"Kaka, sikugusa hata uzi."

"Na weusi huu umeota wenyewe kama uyoga?"

Akanigeukia mimi, akaniuliza ulikuwa na rangi gani nilipokabidhiwa. Nikasema, "Sikuangalia." Shigezo alinitazama, naye alijua niliangalia, kwa kuwa niliisifia buluu ile akiwa bado hajavua viatu. Hakusema kitu. Nadhani aliliona tumbo langu, wewe ukiwa ndani, Noriyasu, akanihurumia. Nimeila huruma ile miaka hamsini na minane.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wale hawakupatana, na aliyevuna ni mimi: Shigezo aliondoka bila kudai sehemu yake, na shamba la juu, lenye miti ya kaki, likabaki kwetu, likawasomesha ninyi. Siku ya kumzika baba yenu, Shigezo alisimama nje mvuani hadi wageni wakaisha, akachoma ubani wake, akaenda zake bila kuonja chai, na ninyi mkampa mgongo. Siwalaumu, mimi ndiye niliyewalea hivyo. Naona aibu, wanangu. Naona aibu hata kuwatazama.

Sasa shikeni hili. Weusi wa kutu hula hariri, na utepe ule umeoza. Asitokee mtu akaushika mpini kuuchomoa upanga, chuma kitamponyoka kimkate. Uinueni utepe taratibu pale unapopishana juu ya kile kipambo cha shaba cha mpinini. Brashi yangu haikufika chini yake. Ni buluu bado, ni utepe wa babu yenu ule ule, nilichungulia mwaka jana. Rangi yako ya chupa, Noriyasu, ingepenya kila mahali, na ushahidi pekee wa kumsafisha Shigezo ungekufa pamoja nami. Karatasi ya serikali ya usajili wa upanga imo kwenye droo ya chini. Upanga usitoke bila hiyo, naye Shigezo aiarifu serikali ndani ya siku ishirini kwamba sasa ni wake. Shamba la juu mrudishieni. Mitsue, najua nilikuahidi wewe. Nakunyang'anya. Kasirika, lakini fanya.

Nipe maji... kidogo tu, nilowanishe ulimi.

Mkae mkisemezana, wanangu. Mkikosana, mkosane kwa kosa lililotendeka kweli. Mikono yenu isikose kazi, wala nyumba zenu zisikose mtu wa kuwaambia ukweli. Nawabariki... wewe, na wewe, na watoto wenu. Msinisamehe upesi.

Gari hilo... ni lake. Nilimwomba muuguzi ampigie simu asubuhi. Mpisheni. Leta mto, aketi, magoti yake ni ya mtu wa miaka themanini na kitu.

Shemeji. Sogea... sauti haifiki. Hapana, usinishike mkono bado. Ngoja kwanza niseme.