Ng'oa Kimoja, Uone: Miaka Thelathini na Minne ya Mwalimu Vibanio

Ijumaa hii, tarehe thelathini, kengele ya saa sita ikishalia, Mwalimu Vibanio atafunga mlango wa Darasa la Nne na kukabidhi ufunguo. Anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kusoma katika shule hii hii, chumba kile kile, na, kwa ushahidi wangu mimi jirani yake, kwa sauti ile ile. Nafundisha hesabu chumba cha pili. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo nusu ya vipindi vyake nimevihudhuria bila kualikwa.

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu wa kuchapwa kwenye programu, nami nikauandika kama wasifu mwingine wowote: aliajiriwa, akafundisha, akapandishwa cheo, akastaafu. Rasimu hiyo ilikataliwa. Aliyeikataa nitamtaja mwishoni, maana bado nina kinyongo naye kidogo.

Wageni wetu waijue kwanza kazi yenyewe. Watoto wengi husoma hadithi bila shida, lakini uwape kifungu cha maarifa, tuseme kuhusu mvua au mifupa ya mwili, wanapotea. Wanakisoma neno kwa neno hadi nukta ya mwisho, kisha ukiwauliza wamesoma nini, wanakukodolea macho. Mwalimu Vibanio alisema maneno hayana kosa. Watoto hawajui kifungu kimejengwaje. Kipo kinachoeleza mambo kwa mfuatano, kipo cha sababu na matokeo, kipo kinacholinganisha vitu viwili, kipo kinacholeta tatizo na suluhisho lake. "Kifungu ni nyumba, wanangu," aliwaambia kila mwaka. "Ukijua jiko liko wapi, hutatafuta sufuria chooni." Kila mwaka walicheka, nami upande wangu wa ukuta nikacheka nao.

Alikata vifungu kwa mkasi, sentensi moja moja, akazianika kwenye kamba ya nguo iliyotoka dirishani hadi kabatini. Watoto walizipanga, kisha wakataja kifungu ni cha aina gani. Ili kuwasaidia wanaoanza, alitumia vibanio vya nguo vya rangi: vya buluu kwa mfuatano, vyekundu kwa sababu na matokeo, vya njano kwa ulinganisho, vya kijani kwa tatizo na suluhisho. Jina lake lilitoka hapo. Nia yake ilikuwa kuondoa rangi baada ya mwezi wa kwanza, lakini majibu yalikuwa matamu mno. Darasa zima likijibu sawasawa kwa sauti moja, ni mwalimu gani ana moyo wa kuharibu raha hiyo? Vibanio vikabaki.

Sasa nifike kwenye siku ile. Wakongwe wa shule hii wanaijua. Ninyi mlioajiriwa juzi, tulieni msikie.

Mwaka huo alikuwa amekabidhiwa watoto walioshindwa kusoma, wale ambao kila mmoja wetu alishakata tamaa nao. Mkaguzi alikuwa aje kuwapima. Wakifaulu, wanaendelea na Darasa la Nne. Wakishindwa, wanarudishwa Darasa la Pili. Miongoni mwao alikuwamo binti wa fundi viatu, msichana mrefu kuliko wenzake wote, na mdogo wake wa kiume alikuwa Darasa la Pili hilo hilo. Baba yake alikuja ofisini, kofia mkononi, akatueleza kwamba binti amekataa katakata: afadhali akapige viatu rangi kibandani kuliko kukaa dawati moja na mdogo wake. Havikuwa vitisho vya kitoto. Alikuwa ameshajichagulia kigoda chake pale kibandani.

Siku moja kabla ya ukaguzi, mwalimu mkuu wa wakati huo, mtu aliyependa unadhifu kuliko chakula, alipita darasani akaona vibanio vimepauka na vingine vimevunjika. Akavitupa vyote. Akaleta vipya vya mbao, vyeupe, vinavyofanana kama mapacha. Alitaka tupendeze mbele ya mgeni, na Mwalimu Vibanio alimshukuru kwa dhati. Hakuna aliyeshtuka.

Asubuhi mkaguzi akaja. Mimi niliambiwa nikae nyuma niwakilishe walimu wenzangu, na laiti ningejua, ningejifanya mgonjwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kalamu yake ilinitisha kuliko yeye. Alikuja na kifungu chake mwenyewe, kimeshakatwa kama alivyoombwa na shule. Mwalimu akakianika. Miti ilikatwa mlimani. Mvua iliponyesha, udongo ulisombwa. Mto ukajaa tope. Samaki wakapungua.

Watoto walizipanga sentensi vizuri kabisa. Kisha mkaguzi akauliza kifungu hiki ni cha aina gani.

Watoto wakageukia kamba, jamani, kama watu waliozimikiwa taa. Macho yao yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye kamba, yanatafuta kitu ambacho hakipo. Mmoja akabahatisha, mfuatano. Mwingine akabahatisha, ulinganisho. Kalamu ikaandika. Ndipo binti wa fundi viatu akasimama na kusema kwa sauti kabisa, "Mwalimu, vibanio vyekundu viko wapi?"

Mkaguzi akainua uso, akataka kujua vibanio vinahusiana vipi na kusoma. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka rangi. Hapo palikuwa na nafasi ya kudanganya, tena kubwa. Mwalimu Vibanio angesema mtoto anavikumbuka tu vile vya zamani, na mambo yangepita. Nilimtazama yule mama nikimwomba kimoyomoyo adanganye. Haki ya Mungu, niliomba hivyo.

Hakudanganya. Alisema mbele yetu sote kwamba watoto wamekuwa wakisoma rangi, wala hawakuwa wakisoma vifungu, na kwamba kosa ni lake peke yake kwa sababu alinogewa na majibu. Kisha akaomba dakika zilizobaki za kipindi. Mkaguzi akatazama saa yake kwa muda ambao sitausahau, akatikisa kichwa kukubali.

Kilichofuata hakikuwa kwenye andalio lolote la somo. Mwalimu Vibanio alikwenda kwenye kamba, akaing'oa ile sentensi ya kwanza, ya miti kukatwa, akaificha nyuma ya mgongo wake. Akawauliza watoto: nikiondoa kipande hiki, hivi vingine vinabaki vimesimama? Watoto wakatazama. Mkaguzi akatazama.

Binti wa fundi viatu hakuwa ameketi bado. Alinyoosha kidole kwenye tope, akarudi kwenye udongo, akarudi kwenye nafasi iliyo wazi. "Miti ikiwepo, tope litoke wapi?" akasema, kana kwamba anagombana na mtu. "Hayo yote yameletwa na kukata miti. Ni sababu na matokeo!"

Mkaguzi akatundika kifungu cha pili, cha popo na ndege. Safari hii mtoto mmoja, mpiga usingizi wetu mashuhuri ambaye sikuwahi kumwona macho yote mawili yakiwa wazi kwa pamoja, alikwenda mwenyewe akamng'oa popo. Akatangaza kwamba ndege amebaki peke yake, hana wa kulinganishwa naye. Cha tatu wakakipata. Cha nne wakakosea. Kengele ikalia.

Mkaguzi aliondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Wiki nzima tulisubiri, na wiki nzima binti yule alikuja shuleni na begi tupu, tayari kwa lolote. Jibu lilipokuja, lilisema watoto wabaki hadi mwisho wa muhula, kisha wapimwe upya. Mwalimu mkuu alijitolea kwenda kununua vibanio vya rangi kwa fedha zake, maskini, kwa majuto. Mwalimu Vibanio alimwambia asithubutu. Kuanzia siku ile ni vyeupe tu, na kwenye kila kifungu ni amri moja niliyoisikia kupitia ukutani mpaka wanafunzi wangu wa hesabu wakaanza kuitumia: ng'oa kimoja, uone. Mwisho wa muhula walifaulu karibu wote, na wawili waliobaki aliwafundisha likizo nzima mpaka nao wakapita. Binti wa fundi viatu alifaulu kwa alama za juu, na kigoda kile kibandani kikakaliwa na paka.

Ni huyo huyo binti, leo mama wa watoto watatu mwenye duka la uchapaji, aliyekataa rasimu yangu. Nilimpelekea aichape. Akaisoma palepale kaunta, akanirudishia. "Mwalimu, shikamoo, lakini umeandika mfuatano," akaniambia bila haya. "Huyu mama si mfuatano. Mng'oe, uone."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kisha nikajaribu. Nikamng'oa Mwalimu Vibanio kwenye kifungu hiki. Binti yuko kibandani, mikono imejaa rangi ya viatu. Programu hii haina wa kuichapa. Wengi wenu mlioishika sasa hivi mnaitazama tu kama picha. Hakukubaki sentensi hata moja iliyosimama, nami nikalia, na sioni aibu kulisema hilo.

Jumatatu kamba itakuwa palepale, na mwalimu mpya ameshaonyeshwa vibanio vilipo. Nami nitafundisha hesabu huku nimetega sikio upande wa pili wa ukuta, nikingoja ile ya sufuria.

Asante, dada yangu. Upate afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na kengele, na wajukuu wa kukusomea magazeti. Nenda salama. Sisi tuliobaki ndio matokeo.