Paa Lisilosubiri Matanga: Maisha ya Modesti Yohanes Kipeta

Jumanne ya tarehe 4 Aprili 1961, kijijini hapa upande wa Msanzi, Bi. Asnath, mama wa marehemu Modesti, alishikwa na uchungu akiwa shambani anafukia majani kwenye matuta. Mtoto akazaliwa kabla tuta halijaisha. Wanawake waliomsaidia walisema huyu atakuwa mtu wa haraka. Walikosea. Modesti, mtoto wa tatu wa Mzee Yohanes Kipeta, hakuwa mtu wa haraka hata siku moja. Alikuwa mtu wa wasiwasi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Kaka yake, Mzee Kasmir, anakumbuka kwamba Modesti aliogopa sana kuchelewa, kiasi cha kufika shuleni nyasi zikiwa bado na umande. Siku moja alifika, akakaa mlangoni mpaka jua likapanda, ndipo mama mmoja aliyekuwa anakwenda kanisani akamwambia kuwa ni Jumapili. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1977 alianza kujifunza uashi kwa mafundi wa misheni, na kufikia mwaka 1980 alikuwa anajenga kuta zilizonyooka kuliko za waliomfundisha.

Tarehe 15 Septemba 1984 alifunga ndoa na Valeria. Walijaliwa watoto watano. Valeria alikuwa mcheshi, na mara nyingi alimpooza mumewe kwa utani. Mawingu yakikusanyika Modesti alikuwa anaacha chakula na kutoka nje kuyatazama. Valeria alimwambia, "Baba Kornel, rudi ule. Hayo mawingu hayakujui."

Wasiwasi huo wa mawingu ulikuwa na chanzo chake. Mwaka 1998 kijiji kilimchagua mwenyekiti wa kusimamia ujenzi wa nyumba ya mwalimu. Kuta za tofali mbichi zilisimama vizuri, bati zilikuwepo, kenchi za mbao za kubebea paa zilikuwa tayari. Modesti akawaalika watu waje kupandisha paa Jumamosi, tarehe 7 Novemba. Hapa kwetu watu wakialikana kazi, pombe ya ulezi huwa inawasubiri, na Modesti alikumbuka kumwambia mkewe kuhusu pombe hiyo siku ya Jumatano.

"Jumatano?" Valeria alishangaa. "Ulezi uloweke, uote, ukauke, usagwe, upikwe. Ulezi hausikii amri ya mwenyekiti, Baba Kornel."

Jumamosi watu walifika, wakachungulia kwenye mitungi mitupu, wakasalimiana kwa adabu, wakarudi makwao. Jumatatu mvua ikaanza. Kufikia Krismasi kuta zilikuwa zimerudi kuwa udongo, na mwalimu aliyetarajiwa alikubali kituo kingine. Hakuna aliyemlaumu Modesti hadharani. Alijilaumu mwenyewe kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo hakukubali tena uongozi wowote.

Machi 2017 yalitangazwa mafunzo ya siku tano mjini Sumbawanga, kwa wanakamati wa vijiji na wengine waliotaka kujifunza, juu ya kupanga na kusimamia miradi. Modesti, akiwa na miaka hamsini na mitano, alikwenda. Alikaa kiti cha nyuma kabisa. Kijana mmoja wa Kirando, Kelvin, alimgeukia. "Shikamoo mzee. Umemleta mwanao?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

Siku ya pili mkufunzi, Bi. Jane, aliwataka waandike hatua za mradi wowote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Wengi waliandika kikao, bajeti, vifaa. Modesti aliandika: kuloweka ulezi. Kelvin akachungulia karatasi, akacheka kwa sauti. "Mzee, huu mradi au harusi?"

Modesti alitaka kuifuta. Bi. Jane akamzuia. "Mzee Modesti, bila ulezi kazi inaanza?"

"Haianzi, mwalimu."

"Basi hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na wewe ndiye uliyenielewa. Kelvin, na wewe andika kinachoanza Kirando, si kinachoanza kwenye kitabu changu."

Alirudi nyumbani na mambo machache aliyoyashika kama sala. Sema unataka nini kwa sentensi moja. Anzia siku ya mwisho, uhesabu kurudi nyuma. Kila kazi iwe na mtu mmoja wa kuulizwa. Andika kinachoweza kuharibika, na andika utafanya nini kikiharibika. Hili la mwisho lilimfaa sana. Hofu zilizokuwa zinamsumbua kichwani sasa zilipata mahali pa kuandikwa, ingawa hazikupungua.

Lililomshinda ni la mtu mmoja kwa kila kazi. Mpango wake wa kwanza, wa kukarabati choo cha shule mwaka 2018, ulikuwa na mistari kumi na saba, na yote ilikuwa na jina lake. Valeria aliusoma, akamrudishia. "Siku ukiumwa jino, watoto wajisaidie wapi?" Polepole alijifunza kuwaachia wengine. Hata hivyo alikuwa anamwachia mtu kazi asubuhi, na mchana anapita njia ya kwake kana kwamba anatafuta mbuzi.

Februari 2022, mkwe wake Josefina, mke wa Kornel, alijifungulia barabarani kwenye mvua wakimpeleka hospitali ya Matai. Mtoto aliishi saa mbili. Mwezi uliofuata Modesti aliomba nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akasema sentensi moja: "Nataka jengo la wazazi kwenye zahanati yetu, lenye paa, kabla barabara haijafungwa na mvua za mwaka 2025." Watu walimchagua kuwa mwenyekiti wa mradi siku hiyohiyo.

Msingi ulichimbwa Julai 2023. Mwezi Mei 2024 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na hospitalini mjini akaambiwa kuwa moyo wake umepanuka. Alirudi na dawa, akachukua mpango, akaanza kuhamisha mistari. Mbao akampa Flavian, fundi seremala, mtoto wa Mzee Kasmir. Stoo akampa Mama Tadei. Alivyozidi kudhoofika ndivyo alivyozidi kuuliza. Mwaka 2025 Josefina alikuwa mjamzito tena, na alitarajiwa kujifungua Desemba. Modesti alikuwa anamtazama akipita uani, kisha anatazama angani upande wa milima ya Mbizi, kisha anauliza leo ni tarehe ngapi.

Siku ya kupandisha paa ilipangwa iwe Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16, alimwita Flavian kitandani.

"Kenchi?"

"Kumi na nne, baba mdogo. Zote zimepigwa dawa."

"Misumari?"

"Ipo."

"Funguo?"

"Anazo Mama Tadei. Baba mdogo, pumzika basi."

Hakuuliza swali jingine. Saa nane na nusu mchana alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Valeria.

Familia ilipokaa kupanga maziko ya leo, Jumamosi, wazee walisema lililo kweli: kaburi likiwa bichi, kijiji hakishiki kazi mpaka matanga yaishe. Watu sitini walioalikwa kupandisha paa wangetawanyika, na kuwakusanya tena ni baada ya wiki mbili au tatu, mvua ikiwa imeshafika. Hapo Flavian akaleta mpango. Kwenye ukurasa wa mambo yanayoweza kuharibika, mstari wa tisa, marehemu aliandika kwa mkono wake: "Mwenyekiti kufariki. Uwezekano: mkubwa. La kufanya: nizikwe saa tano, kenchi zipandishwe saa nane siku hiyohiyo. Watu watakuwa wamekwisha kusanyika. Wa kuulizwa: Valeria."

Mzee Kasmir aliusoma mstari huo mara mbili. Kisha akasema, "Mdogo wangu amenivunjia heshima. Lakini hajakosea." Akamgeukia shemeji yake. "Unaulizwa wewe."

Valeria alimtazama Josefina, aliyekuwa amekaa mkekani na tumbo lake. "Pandisheni," akasema.

Wazee waliridhia kwa sharti moja: nyimbo za kazi zisiimbwe. Atasikika anayehesabu tu, ili wanyanyue pamoja.

Marehemu ameacha mjane, Valeria. Watoto watano, Kornel, Hellena, Steven, Evans na Asnath. Wakwe watatu, wajukuu tisa, na kaka yake, Mzee Kasmir. Amewaacha pia wanakamati, ambao kila mmoja anaujua mstari wake.

Asubuhi ya leo mawingu yameonekana upande wa Mbizi. Baada ya kunawa mikono makaburini, wenye nguvu wanaombwa kwenda moja kwa moja zahanati.

Mungu amjalie Modesti pumziko la amani, ambalo katika mipango yake yote hakuwahi kulitengea siku.