Joselyne Mukansanga na Mstari wa Nzahaha

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kamembe, Bugarama, na ninyi wa ng'ambo ya mto kule Bukavu, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Joselyne Mukansanga. Wengi wenu mlimwita Maman Christelle, kwa jina la binti yake. Ametutoka Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Nzahaha, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Joselyne alisaidia wenye mashamba kujua jambo moja: njia hii inayokatiza shambani mwangu, ni ya watu wote, au ni mazoea tu? Alitafuta hati, akauliza wazee, akaipita njia yenyewe kwa miguu, kwenda na kurudi. Ukigombana na jirani kwa sababu ya njia, ulimwita Joselyne. Na ukishamwita, ulianza kumshuku.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye shamba alidhani majirani wamemnunua. Majirani walidhani mwenye shamba kamnunua. Naye hakumwamini mtu. Hata karatasi hakuiamini.

"Karatasi iko na muntu mwenye aliiandika," alizoea kusema. "Na ule muntu, siku ile, pengine alikuwa na njaa."

Alizaliwa Bukavu, katika familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko. Alirudi Rwanda mwaka 1996 na sanduku moja. Mwaka 2010, ardhi ilipokuwa inaandikishwa nchini, alipata kazi ya kuchora mipaka na njia vilimani. Shikeni mwaka huo, wasikilizaji. 2010.

Miaka mitatu iliyopita aliitwa na Nshimiyimana, mkulima wa kahawa hapo hapo Nzahaha. Watu walikuwa wanapita katikati ya kahawa yake kwenda kituo cha afya. Hati yake ilionyesha njia pembeni, kando ya kijito. Basi akapanda ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, akaifunga ile ya katikati. Lakini kule kijitoni mvua ilikuwa imechimba korongo. Wiki moja baadaye, mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa kwa machela hadi kwenye ua. Wakarudishwa, wakazunguka kilima kizima. Alijifungulia njiani, kwenye majani. Mtoto alipona. Kilima kizima kikachafuka kwa hasira.

Joselyne alipofika, alianza na mashaka.

"Papa Nshimiyimana, hati yako ni nzuri. Sasa uliniitia nini?"

"Nataka useme mbele ya batu. Weye banakusikilizaka."

Jibu hilo halikumkaa moyoni. Mtu mwenye haki timilifu, anatafutia nini mdomo wa mwingine?

Akawaendea majirani. Mashahidi watano, akamsikiliza kila mmoja peke yake. Wote watano walisema maneno yale yale: "Njia hii ni ya tangu enzi za mababu." Neno kwa neno, kama watoto waliokaririshwa. Hilo nalo likamtia shaka. Nani aliwafundisha?

Akatafuta mtu asiye na shamba pale. Akampata Marguerite, mfanyabiashara wa Bukavu anayekuja kununua maparachichi na kuyavusha mpakani, pale Rusizi ya Kwanza.

"Maman, ulipitaka wapi?"

"Mu katikati. Kahawa ilikuwa ingali mufupi, inanifika ku magoti. Mwaka 2004. Kule ku kijito hakukuwa njia, Maman. Kulikuwa matete tu."

Hakukuwa na njia. Basi ile ya kwenye hati ilitoka wapi? Joselyne alimshuku Nshimiyimana. Akawashuku watu wa ofisi. Akaenda kuomba mchoro wa kwanza, ule uliochorwa kilimani kwa kalamu kabla hati haijatolewa. Wakamletea. Chini, kwenye kona, palikuwa na herufi mbili: J.M.

Joselyne Mukansanga.

Mstari ule aliuchora yeye, mwaka 2010. Akakumbuka. Siku hiyo mvua ilinyesha. Hawakushuka bondeni. Walisimama kilima cha pili, Nshimiyimana akanyoosha kidole kuelekea kijitoni, akasema, "Inapitaka pale." Naye akachora.

Hakuna mwingine kilimani aliyejua, ila Nshimiyimana, naye asingesema. Angeweza kunyamaza, na majuma mawili alinyamaza kweli. Binti yake, Christelle, ametuambia: "Mama aliacha kula. Nilizania ni mugonjwa. Nikamuuliza, akaniambia, 'Christelle, kuko muntu moya mwenye nilisahau kuchunguza.'"

Siku wasuluhishi wa seli, yaani wa eneo letu dogo la utawala, walipokaa kuamua, kilima kizima kilikuja. Joselyne alisimama na mchoro mkononi.

"Huu mustari ni miye niliuchoraka. Sikufika. Nilichora kitu chenye sikuona na macho. Njia ya batu ni ile ya katikati."

Nshimiyimana aliruka. "Nani alikununua? Sema!"

"Ulininunua weye, Papa, na kidole. Bila kutoa kitu."

Mnadhani majirani walipiga makofi? Hata. Walitazamana. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kama alikosea hapa, kwetu je?"

Wasuluhishi waliamua njia ya katikati ibaki, upana wa machela moja, na hati isahihishwe. Watu wa kilima wakamhamishia Nshimiyimana miche ya kahawa aliyokuwa ameipanda kwenye njia na kumpandia ua pande zote mbili za njia. Lakini swali la mzee lilitembea. Vilima vingine vikaanza kutazama hati zao kwa jicho la pembeni. Wengine walimtukana Joselyne sokoni. Miezi mitano hakuna aliyemwita.

Hakungoja kuitwa. Alitoa orodha ya mahali pote alipochora mwaka 2010, vilima kumi na kimoja, akavirudia kimoja kimoja. Hadi Bweyeye alifika kwa miguu, kando ya msitu, moyo ukiwa tayari unamsumbua. Alikuta makosa mengine mawili. Akayatangaza mwenyewe, mbele za watu. La mwisho lilisahihishwa Machi mwaka huu.

Nilimuuliza Nshimiyimana, siku ya maziko, anamkumbukaje. "Hata siku moya sikumuamini," alisema. "Lakini hakunidanganya."

Kwa Christelle, kwa mdogo wake Jules, na kwa wakwe na ndugu wa pande zote mbili za mto, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu, na Joselyne apumzike kwa amani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, nawaachia swali. Kuna jambo uliwahi kulisema, au kulitilia sahihi, bila kuliona kwa macho yako? Pengine kuna watu wanaishi nalo hadi leo, wanazunguka kilima kwa ajili yake. Kesho, kabla hujamshuku jirani, nenda kaliangalie.