Kichwa cha Mbaé Sukari Hakisomeki

Benchi la mtaa wa Tanambao, ubavuni mwa nyumba ya Echata muuza kahawa, lina miguu mitatu na tofali. Wenyewe hukaa upande wa tofali kwa zamu, maana anayekaa huko ndiye hulaumiwa likipinduka. Mazungumzo ya hapo ni Kikomoro kilichokorogwa na Kimalagasi, na Kifaransa hupenya mtu akikasirika. Kiswahili wamebaki nacho kwenye dua na maneno ya bandarini, kwa hiyo haya yapokee kwa ulimi wetu. Asubuhi hiyo Mbaé Sukari, aliyebandikwa jina hilo kwa miaka yake ya kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kule kisiwani Nosy Be, alikwenda mwenyewe upande wa tofali, akakaa. Kikombe kikampolea mkononi.

— Mashine haikuona kitu, alisema. Jamani, kichwani mwangu hamna kitu.

Maskini, hakuwa amelala. Roukia, binti wa dada yake, alikuwa kwenye mafunzo ya watafiti wa ubongo hospitalini, na mwalimu wao alitoka ng'ambo. Kila mwanafunzi alitakiwa amvalishe mtu mmoja kofia ya waya, achukue mchoro safi wa mawimbi ya ubongo wake. Mwenye mchoro ataendelea na utafiti wa wazee wanaosahau. Asiyekuwa nao, kwaheri. Roukia alimchagua mjomba wake. Jana mashine ikatoa vurugu tupu, na leo jioni mwalimu anapanda ndege kwenye uwanja wa Amborovy. Mbaé, ambaye siku hizi majina ya watu yalikuwa yakimponyoka, aliona hukumu yake imeshatoka.

— Vurugu si ndiyo yenyewe? alidakia Hassane Redio, kinyozi asiyezimika. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma!

— Koma wewe! alisema Elarif Waziri, ambaye hajawahi kushika hata ujumbe wa mtaa ila husema kama katoka baraza la mawaziri. Na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jana asubuhi nani alimnyoa Mbaé upara?

— Mimi.

— Basi akili zake umezifagia wewe. Nenda kazitafute jalalani.

— Ala! Mimi nanyoa nje, sinyoi ndani! Tatizo ni sukari. Mtu kavuta mvuke wa miwa miaka yote ile, ubongo umeganda, umekuwa sukari guru. Waya utapenya wapi?

Mbaé alijigusa utosi. Hakucheka.

— Hapana, alisema Waziri, akainua kidole. Mashine ile inajua Kifaransa. Mbaé anawaza Kikomoro, anatukana Kimalagasi, tasbihi anavuta kwa Kiarabu. Mkalimani yuko wapi? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Guu limeingiaje hapa?

— Litaingia tu, subiri. Au ubongo wenyewe umebaki Nosy Be! Kiwanda kilipofungwa, Mbaé alihama na godoro na sufuria. Ubongo alifunga kwenye mzigo gani? Mnakumbuka?

Hakuna aliyekumbuka. Hapo ndipo Roukia alipotokea mbio, begi la mashine kifuani. Akawapa wazee kwezi, salamu ya heshima ya Kikomoro, kisha akachutama mbele ya mjomba wake.

— Mjomba, niwie radhi. Jana ilinipasa kukuuliza jambo, nikaona haya. Mimi mtoto wako, nikuulize mambo ya kuoga kwako? Lakini leo nitauliza. Umepaka nini kichwani?

Kijiwe kilichojua siri zote za ubongo kikajitafutia kazi. Redio akachungulia kikombe chake. Waziri akapata shughuli na kifungo cha shati.

— Mafuta ya nazi, alikiri Redio. Baada ya kunyoa. Kidogo tu.

— Nami nikamwongezea ya mlangilangi, alisema Waziri. Mtu anakwenda kwa madaktari, anuke jasho?

— Na mimi habasoda, alisema Echata mlangoni. Si inafungua akili?

— Nilitaka usiaibike, mwanangu, alisema Mbaé. Nikajipamba kama bwana harusi.

Roukia alicheka mpaka akashika tofali.

— Waya haushiki penye mafuta, mjomba! Leteni maji na sabuni!

Bomba lilikuwa limekauka tangu alfajiri. Maji yaliyokuwepo ni ya kahawa, yakichemka. Echata akaguna, akayapoza kwa tone la mwisho la mtungi. Redio akasugua, Waziri akamwagia, na Mbaé akapiga kelele kuwa sabuni imemwingia machoni. Upara ulipokauka, Roukia akapanga waya zake.

— Fumba macho, mjomba. Na ninyi wazee wangu, kimya. Hata kicheko kinaharibu.

— Kimya? Redio aliuliza. Mimi?

Waziri akamziba mdomo kwa kiganja.

Mbaé hakuwahi kulisikia benchi lile likinyamaza. Alisikia bajaji ikipita, na moyo wake mwenyewe. Aliogopa, hilo halina kificho: safari hii hakuna mafuta ya kusingizia. Halafu akasikia Roukia akivuta pumzi.

— Ubongo upo, mjomba. Upo tele! Tazama: ukifumba macho mawimbi yanapanda, ukifumbua yanatulia. Ndivyo inavyotakiwa!

Mbaé akatazama, machozi yakamtoka, akasingizia sabuni. Roukia akamtumia mwalimu mchoro kwa simu. Wakangoja, Redio bado kazibwa mdomo na hakuna aliyekumbuka kumwachia. Simu ikalia.

— Kasema mchoro ni safi! Nimechukuliwa!

Benchi likapinduka na wote waliokuwa juu yake, na safari hii hakulaumiwa mtu. Mbaé alikuwa wa kwanza kuinuka, waya zikining'inia masikioni.

— Echata! Kahawa kwa watu wote!

Echata akaligeuza birika juu chini, lisidondoshe hata tone.

— Kahawa? Kahawa yote iko kichwani mwako.