Dada Sikio, Aliyeuliza Uko Wapi Leo

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, nanyi mnanijua nina mdomo, kwa hiyo mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshona nguo, na mama ndiye aliyempachika jina la Sikio, kwa sababu kila wakubwa walipoteta, yeye yuko nyuma ya mlango. Alimaliza sekondari mwaka 1987, akahitimu uuguzi mwaka 1991, akapangiwa wodi ya wagonjwa wa akili, kisha akasomea ushauri nasaha, na tangu hapo yule mbeya wetu akawa hatoi siri ya mtu hata umkamue. Mwaka 1995 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu huyu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2017 alianza kuwahudumia watu kwa simu ya video, katika stoo aliyoipaka rangi mwenyewe, blanketi limetundikwa mlangoni ili sauti isitoke, na wenzake kazini wakamcheka, wakisema mtu hatui mzigo wa moyo kupitia kioo cha simu. Hakubishana nao. Kabla ya lolote alimuuliza mteja yuko wapi leo, nyumba ipi, chumba kipi, na nani wa karibu anaweza kupigiwa, na hata mteja wa miaka mingi aliulizwa upya, wengine wakinuna. Tabia hiyo ikamfuata mpaka nyumbani, shemeji akipiga simu tu anaulizwa uko wapi, maskini akadhani anachungwa, akawa anajieleza mpaka yasiyoulizwa.

Basi, tarehe 9 Agosti 2021, mwalimu mmoja, ambaye ameturuhusu kulisema hili, alipiga kwa kikao chake cha kawaida, akajibu kwa uvivu kwamba leo yuko kwa kaka yake, chumba cha uani, nyuma ya duka la vipuri, na katikati ya mazungumzo akaanza kuaga, na dada akaelewa kwamba ameshajidhuru. Asingeulizwa siku ile, watu wangetumwa nyumbani kwake, wangekuta kufuli. Dada alimshikilia kwa maneno kwenye simu moja, kwa simu ya pili akampigia kaka mtu, naye akakimbia na muuza vipuri, wakavunja mlango, wakamfikisha hospitali akiwa hai. Hai, jamani! Wale waliocheka walikuja wenyewe kwenye stoo ile, wakakaa chini, wakafundishwa kuuliza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akatibiwa huku akiendelea na wateja wake, akafariki tarehe 3 Juni mwaka huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji, na uchungu huo bado tunao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mlioleta viti na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake. Na wewe mwalimu, uliyemjua dada kwenye kioo tu, asante kwa kuja na mke wako, na huyo mtoto wa mwaka mmoja uliyembeba, hebu mnyanyue kidogo, watu wote wamwone. Dada, umeshinda, sasa pumzika kwa amani.