Bi Hansa Solanki na Mjomba Kutoka Kibosho

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni popote mlipo, Njoro, Pasua, na huko juu migombani. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Bi Hansa Solanki, Mama Naina, aliyetutoka wiki iliyopita hapa Moshi. Wengi wenu mmekula bhajia zake. Msibishe, harufu yake ilikuwa inawafuata hadi sokoni!

Bi Hansa alikuwa Mhindu, mzaliwa wa Moshi, fundi cherehani. Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Naina. Mitumba ilipomwagika sokoni, cherehani ikakosa kazi. Bi Hansa akaisogeza ukutani, akawasha jiko.

Sasa, alikuwa na jambo moja lililomuuma. Hakuwa na kaka. Alizaliwa peke yake. Na Wahindu wana siku moja, mwezi wa nane, mwezi ukiwa mpevu, ambapo dada humfunga kaka uzi mkononi, na kaka humwahidi kumlinda. Siku hiyo Bi Hansa alikuwa akijifungia ndani. Mwaka mmoja, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, muuza maziwa wake, Evaristo Massawe wa Kibosho, akamkuta akifuta machozi. Alipoelezwa sababu, akaweka dumu chini na kukunja shati.

"Uzi tu? Nifunge mimi."

"Evaristo, huu si mchezo. Ukifungwa, umekuwa kaka."

"Basi funga, dada, maziwa yasije yakachacha."

Mkewe, Bi Mektrida, anakumbuka: "Alirudi na uzi mwekundu mkononi. Nikamwuliza, Baba Eliza, hiki nini? Eti, nimepata dada mjini! Nikajifunga kitenge vizuri, nikashuka kumwona huyo dada."

Weee! Alishuka kwa vita, akarudi na kifurushi cha ladu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo. Tangu hapo wakaitana wifi. Mektrida alipenda kuchungulia kile kijumba cha ibada ukutani, penye picha za miungu, maua mabichi na taa ya samli. Siku moja akauliza, "Wifi, mbona miungu yenu ni mingi hivi?" Bi Hansa akacheka. "Mungu ni mmoja, wifi. Sura ndizo nyingi. Kwani nyinyi watakatifu wenu mmemaliza kuwahesabu?" Mektrida akaomba aongezewe chai.

Mwaka 1994 Naina akachumbiwa na kijana wa Tanga. Kwa desturi ya kwao, kabla ya harusi mjomba wa bibi harusi, yaani kaka wa mama, huja na zawadi. Huja na sari nyeupe yenye pindo jekundu. Mjomba asipokuja, kila mtu anaona. Hili ndilo lililomkosesha Bi Hansa usingizi. Wakwe wakiuliza watu wa kwao wako wapi, angejibu nini? Akapanda Kibosho kumwomba Evaristo. Evaristo akajibu, "Dada, mimi Mchagga unifundishe ujomba?"

Siku ikafika. Pikapu zikaingia na kina mama wakiimba, mikungu ya ndizi imejaa, na juu kabisa beberu limenona, limevishwa shingoni jani la isale, lile jani la heshima la Wachagga. Na kisu kimeshanolewa!

Jamani, jamani! Nyumbani kwa Bi Hansa hapakupikwa nyama hata siku moja. Si Wahindu wote, lakini yeye na wakwe zake waliamini kila chenye pumzi kina roho, na kwamba ubaya unaokitendea utakufuata hata katika maisha yajayo. Bibi wa bwana harusi akajifunika uso kwa sari. Nyimbo zikakatika.

Miaka yote ile Evaristo hakujua? Mwenyewe ameniambia huku akicheka: "Mimi nilikuwa nakula pale Ijumaa, nikishamaliza kuuza maziwa. Nikiona hakuna nyama nasema, kumbe dada anashika Ijumaa kama sisi Wakatoliki. Nikazidi kumheshimu."

Bi Hansa alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya taa. Wakwe wote wanamtazama yeye. Angeweza kusema huyu ni muuza maziwa, amekosea nyumba. Hakusema. Alimwendea Evaristo, akampaka alama nyekundu kwenye paji la uso. Kisha akampaka na beberu.

"Huyu ni kaka yangu," akawaambia wakwe. "Na huyu hachinjwi. Kaka ameniletea mbuzi wa maziwa."

Wa maziwa! Beberu lile! Bibi wa bwana harusi akafunua uso atazame vizuri, akacheka mpaka akapaliwa. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ndipo Mektrida akafungua kitenge alichokuwa amekibeba, akatoa sari nyeupe yenye pindo jekundu. Alikuwa amezunguka mjini akiwauliza wanawake wa Kihindu hadi akaipata. Bi Hansa akamkumbatia wifi yake na kulia kwa furaha mbele za watu. Beberu lilirudi Kibosho, likazeekea huko.

Wiki iliyopita mwili wa Bi Hansa uliteketezwa kwa moto, kwa imani yao kwamba mwili hurudi ulikotoka, na roho huendelea na safari hadi izaliwe tena. Naina mwenyewe ndiye aliyewasha. Kabla ya hapo kuhani aliuliza, "Watu wa upande wa kwao marehemu ni akina nani?"

Mzee Evaristo akainuka polepole. "Ni sisi," akasema. Nyuma yake wakainuka Mektrida, watoto, wajukuu, mabenchi mazima ya watu wa Kibosho.

Wasikilizaji wapendwa, tutafakari jioni hii. Pengine karibu yako yupo mtu ambaye siku ya kuulizwa watu wake, hana wa kuinuka. Mwendee angali hai, mle, mcheke.

Naina na mumewe, poleni kwa kufiwa na mama. Na ukoo wote wa Massawe, Kibosho, poleni sana kwa kufiwa na dada yenu.